Wajibu Wenu, Matunda Yangu

Mwanangu Kokushubira,

Vyeti vyako vimo humu kwenye bahasha, nyuma ya karatasi hizi. Vyote vipo: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, na ile barua ya chuo yenye muhuri. Havikuliwa na panya, wala hukuvisahau kanisani kama shangazi yako alivyodhani. Nilivificha mimi baba yako. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitajificha ndani ya salamu mpaka karatasi iishe, na kwa kujificha mimi ni fundi.

Kesho asubuhi nitakukabidhi bahasha hii na kukuambia uifungue ukishapita Biharamulo. Kama umeifungua palepale kituoni Izigo, basi umerithi subira yangu, na nakuomba jambo moja tu: usishuke. Nikasirikie ukiwa umekaa ndani ya basi. Hasira ya mtu aliye safarini humfikisha mahali. Ya mtu aliyeshuka humrudisha nyumbani, na nyumbani ndiko ninakotaka usirudi kwa sababu yangu.

Sasa hivi ni alasiri. Umekwenda Kagondo kumuaga shangazi yako, na nyumba ni yangu na kuku. Mambo ya kufunga begi na ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua njiani, shangazi atakuwa amekwisha kukuambia mara tatu, na sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza jinsi mzee wa usharika, mtu anayesoma somo la kwanza mbele ya waumini, anavyofikia kumwibia mtoto wake. Sikuanza Jumatatu nilipovificha. Nilianza kabla hujaanza shule.

Unajua kwamba nilifanya kazi miaka kumi na tisa kwa Bwana Kanji, mjini Bukoba, nikipima na kukata vitambaa. Usilolijua ni kwamba nilifundishwa dini pale, nami sikumwambia mchungaji. Bwana Kanji alikuwa Mhindu wa kweli, wa kufunga na kusali. Kila asubuhi kabla hatujafungua milango aliwasha udi, akaketi kwenye kigoda chake nyuma ya kaunta, akaweka kitabu chake kitakatifu magotini na kusoma kwa sauti ya chini. Nami nikifagia. Siku moja nilimuuliza anasoma nini. Tangu siku hiyo akawa anasoma mstari kwa lugha yao, kisha ananieleza kwa Kiswahili cha dukani.

Alinieleza habari za askari mmoja mkubwa aliyefika vitani, akawaona ndugu zake na walimu wake wamesimama upande wa pili, akaangusha upinde na kusema hapigani. Mwendesha gari lake, ambaye kumbe ni Mungu mwenyewe, akamwambia kila mtu ana wajibu wake. Wako walimu na makuhani, wako watawala na askari, wako wakulima na wafanyabiashara, wako watumishi. Heri mtu afanye kazi yake mwenyewe vibaya kuliko kuifanya ya mwenzake vizuri. Na aifanye bila kushika matunda yake. Kufanya ni kwako. Kitakachotokea si chako.

Koku, yale maneno yaliniingia sana. Mimi ni Mhaya. Nimezaliwa nikijua ukoo gani ulikuwa wa watawala na ukoo gani ulikuwa wa kutumikishwa, na bibi yako mpaka anakufa hakula kwa jirani mmoja kwa sababu babu wa babu yao alibeba mizigo ya Mkama, mfalme wa zamani. Nikajiona nimepata ndugu wa mbali. Nikasema, kumbe hata huko ng'ambo Mungu amewapanga watu kama sisi.

Ila lilikuwapo jambo moja. Chai yangu niliwekewa dirishani, kwenye kikombe cha bluu ambacho hakikuoshwa pamoja na vikombe vya nyumba. Mke wa Bwana Kanji ndiye aliyepanga hivyo. Sikuudhika, maana nilikuwa nimemwona bibi yako. Lakini siku moja Bwana Kanji alinisomea kwamba Mungu aliwagawa watu kwa tabia zao na kazi zao, nikamuuliza, "Bwana, hapo wamesema kwa tabia na kazi. Hawakusema kwa tumbo alilotoka mtu?"

Akaurudia mstari kwa kidole. "Hapa hapana sema tumbo."

"Na kikombe changu?"

Akakifunga kitabu. "Kitabu iko ya Mungu, Rwegasira. Kikombe iko ya mama."

Tulicheka wote wawili, tukafungua duka. Mara nyingi nimekisimulia kisa hiki msibani na watu wakacheka pia. Sikuona kwamba mimi nami nilikuwa nimebeba nusu ya kitabu kuja nayo nyumbani, ile nusu inayompendeza mwenye nyumba.

Kaka yako Muganyizi alipofaulu na kuitwa chuo cha ualimu, wewe ulikuwa darasa la tano. Alikuja mbio na karatasi, amevua viatu asichelewe. Nilimketisha. Nikamwambia wewe ni mzaliwa wa kwanza, ndiwe musika, mrithi utakayeketi kwenye kigoda changu mbele ya ukoo nikifa, na musika kazi yake ni kibanja, kulima migomba ya ukoo. Nikamwambia kuna watu waliozaliwa kufundisha na kuna waliozaliwa kulima. Nikamwambia, na hapa nilijiona nina hekima sana, kwamba mtu mwema hufanya wajibu wake bila kutamani matunda.

Alikunja ile karatasi mara nne. "Sawa, Tata," alisema. Miaka tisa hakuitaja tena.

Unakikumbuka kibanja chetu cha wakati ule. Migomba ilisimama mpaka jua halikugusa chini, buni zimejaa, watu wa Muleba wanasimama barabarani kukitazama. Kwenye kila harusi nilisifiwa. "Ta Rwegasira ana kibanja!" Nami nilijibu kwa unyenyekevu, "Tunamshukuru Mungu." Mikono iliyopasuka ilikuwa ya Muganyizi. Sikuwahi kumtaja.

Halafu ukaja unyanjano. Majani yakageuka manjano na kulegea, ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zimeoza. Bwana shamba alitufundisha tena na tena: ng'oa shina lote lililougua, zika, choma panga kwenye moto kabla hujagusa mgomba mwingine. Muganyizi aling'oa shina moja moja, mgongo umepinda kama mzee. Akafika kwenye ile migomba minne iliyoota juu ya makaburi, la babu yako na la mama yako, ambaye alikuwa amelala pale mwaka mmoja tu. Miwili ilikuwa imeshaanza kulegea.

Nilimwambia asiiguse. Migomba ile ndiyo inayowafunika wazee wetu. Musika hang'oi kivuli cha mama yake.

"Tata waitu," alisema kwa heshima, "inaumwa. Nzi wanatoka hapo wanakwenda kwa Ma Paskazia hapa jirani. Panga linatoka hapo linakwenda kila mahali."

"Wajibu wangu ni kuwatunza waliolala hapa. Matokeo namwachia Mungu."

Ona, mwanangu. Nilikuwa na kitabu cha Bwana Kanji mdomoni na Biblia mkononi, na vyote viwili nilivitumia kulinda majani ya manjano. Nilijiona sina ubinafsi hata kidogo. Najinyima, nikasema, kwa ajili ya wafu. Kumbe nilikuwa naogopa watu wa ukoo waseme Rwegasira amewaacha wazee wake juani.

Mwezi haukupita, ugonjwa ukavuka mpaka. Ma Paskazia yule mjane, mwenye vijishina vyake arobaini na rozari yake, alikuja akasimama uani kwetu na kichane cha ndizi zilizooza ndani. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Ta Rwegasira, nimekukosea nini?" Wewe ndiye uliyemletea kiti. Mimi niliingia ndani.

Siku ya pili niliporudi kutoka kwenye kikao cha usharika nilikuta migomba minne imeng'olewa na kuzikwa, makaburi yako wazi, na Muganyizi anaotesha nyasi juu ya kaburi la mama yenu kwa vidole vyake. Alikuwa analia. Nakuapia niliyaona machozi yake, na bado nilifanya nililolifanya. Niliwaita watu wa ukoo, na mbele yao nikasema huyu si musika wangu tena, amewavua nguo wazee. Yeye alisimama na jembe lake, akaniambia maneno ambayo nadhani uliyasikia, maana ulikuwa umesimama mlangoni:

"Tata, miaka tisa wajibu ni wangu, matunda ni yako. Hiyo umeisoma ukurasa gani?"

Nikamnyanyulia fimbo. Aliondoka siku hiyohiyo, hakuchukua hata koti. Mchuma janga hula na wa kwao; tuliokula lile ni mimi, wewe, yeye na mjane wa watu.

Nilikwenda mjini kwa Bwana Kanji, si kwa toba, bali nipate kuungwa mkono. Alikuwa mzee sana, mkewe amekwisha kufariki, duka limebaki marobota mawili matatu. Nikamweleza kwamba mwanangu ameacha wajibu wake. Nilitegemea atatikisa kichwa pamoja nami.

Akaniuliza, "Yule askari, mwisho Mungu ambia yeye nini?"

"Apigane."

"Hapana. Wewe siku ile iko tayari fungua duka, hapana sikia mwisho. Mungu naeleza yote, yote. Halafu nasema: sasa nimekwambia, wewe fikiri sana, kisha fanya kama unataka." Akanitazama. "Mungu mwenyewe naacha mtu achague. Wewe nani, Rwegasira?"

Akaniletea chai mwenyewe, na aliileta kwenye kikombe kilekile cha bluu. Mkewe hayupo, hakuna wa kumlaumu, bado mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kikombe changu. Nikanywa. Nilielewa siku ile kwamba mtu anaweza kukijua kitabu kizima, akakieleza mpaka ukalia, na bado akaweka kikombe dirishani. Sikumchukia. Nilijiona mimi.

Utauliza kwa nini basi sikumfuata Muganyizi kule visiwani alikokwenda. Nilimtumia neno kwa mchuuzi wa dagaa anayekwenda visiwani. Nilimwambia amwambie, "Baba yako anasema kibanja kipo." Hebu fikiri! Mtu umemfukuza, umemvua urithi mbele ya ukoo, unamwambia kibanja kipo. Nilikuwa na neno "nisamehe" kooni, likatoka "kibanja." Jibu lilikuja baada ya wiki mbili: "Mwambie nimesikia." Mpaka leo, miaka sita, hilo ndilo neno la mwisho nililo nalo kutoka kwake, na nalirudia nikiwa peke yangu nikitafuta kama ndani yake kuna upole.

Ndipo zamu yako ikafika. Wewe sikukuamuru. Nilikuwa nimejifunza, si ndiyo? Wewe sikukutajia wajibu hata siku moja. Ila ulipotaja chuo kwa mara ya kwanza, mgongo wangu ulianza kuuma. Ulipotaja mara ya pili nilianguka kule kisimani, na nakiri leo kwamba nilianguka taratibu sana. Ukabaki. Ukang'oa, ukaotesha mihogo na maharage, ukanunua miche safi, ukampelekea Ma Paskazia miche ishirini bila kuniuliza. Ulifanya kazi ya musika miaka sita, na kwenye vikao vya ukoo ulikaa nyuma unapika, kwa sababu mtoto wa kike, tulisema, ni mpita njia. Hukudai shukrani. Watu walikusifu mbele yangu, nami nikajibu, "Tunamshukuru Mungu."

Mwaka huu uliomba bila kuniambia, ukapata. Morogoro, upimaji wa ardhi. Uliponionyesha barua nilisema hongera, na nilimaanisha mpaka jioni. Kisha nikakuona Jumatatu umepanga vyeti mezani, unavipangusa kimoja kimoja kwa kiganja, unaimba. Sijakusikia ukiimba tangu mama yako afe. Ulipotoka kuchota maji nilivikusanya nikavitia chini ya gunia la maharage ya mbegu. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo linanitisha kuliko kitendo chenyewe.

Ulitafuta siku mbili. Nami nilikusaidia kutafuta! Nilikumulikia tochi uvunguni mwa kitanda, nikasema, "Tazama na kule nyuma." Siku ya pili uliketi kizingitini, ukafunika uso kwa khanga, ukasema, "Tata, labda Mungu ananiambia nibaki nikutunze."

Koku, nilifurahi. Nataka ulijue hilo kama lilivyo. Moyo wangu uliruka kama wa mtu aliyeponea chupuchupu. Nikakuwekea mkono kichwani, nikasema, "Mapenzi yake yatimizwe." Baba yako alisema hivyo, vyeti vyako viko hatua nne kutoka alipokaa.

Shangazi yako ndiye aliyekataa. Alikuambia uende na nakala, ukajieleze. Nawe ulimjibu kwenye simu, sauti imeisha, "Nitajaribu. Wakinikataa nitarudi, Tata asikae peke yake." Hukujua niko nje ya dirisha. Niliposikia vile nilimwona Muganyizi anakunja karatasi yake mara nne. Sijalala vizuri tangu hapo. Ninakula, chakula hakina ladha. Nimezaa watoto wawili wazuri kuliko nilivyostahili, na wote wawili nimewalaza juu ya madhabahu na kujiita mimi ndiye ninayetoa sadaka.

Nisikilize sasa, maana nakaribia mwisho wa karatasi na wewe unakaribia kurudi. Sikuambii wajibu ni uongo. Ma Paskazia ana migomba leo kwa sababu kuna mtu alifanya wajibu bila kungoja malipo, na mtu huyo ni wewe. Mafundisho ya Bwana Kanji yalikuwa na maana. Kilichoharibika ni mimi kuyashika kwa mpini na kuwaelekezea ninyi makali. Kutotamani matunda ni jambo mtu anajiambia mwenyewe. Siku yoyote, ofisini au kanisani au kwenye nyumba ya mume, mtu akikuhimiza ufanye bila kutamani, mtazame mdomo wake kwanza kama hautafuni.

Nilitaka kukuandikia hapa kwamba kibanja ni chako. Nimekata sentensi hiyo mara mbili, kama unavyoona, kwa sababu nilijishtukia nasuka kamba nyingine ya kukufunga. Nitasema hivi tu: Jumamosi nitasimama mbele ya ukoo nitaje majina yenu wote wawili, lako na la kaka yako, na niseme nani alifanya nini na nani alisifiwa. Watakuwapo watakaonicheka. Haki yenu itakuwapo hapa mkiitaka, na msipoitaka mihogo haitakufa kwa huzuni. Sio bei ya kurudi.

Mgongo wangu ni mzima. Nakwambia ukweli. Magoti ndiyo yanauma, na hayo yanauma kwa kila mzee.

Naogopa, mwanangu. Naogopa asubuhi ya keshokutwa, nikiamka nichemshe maji ya mtu mmoja. Naogopa kwamba umeshafika sentensi hii na unanichukia, na kwamba una haki. Niliwaza nikumalizie barua kama mtu aliyeelewa: nimekupa vyeti, nimekuambia kweli, sidai kitu, usinisamehe kama huwezi, usijibu. Nimeyaandika maneno hayo kwenye karatasi nyingine. Ni mazuri. Mchungaji angeyapenda.

Nimeichana. Mimi si mtu wa namna hiyo, Koku, na sitaki kukudanganya tena hata kwa maneno mazuri. Sina mkono wa kutoa bila kushika. Ninataka jibu. Ninalitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na kulitaka huko ni kosa langu, si wajibu wako. Fikiri, kisha fanya unavyotaka. Nitakuwa hapa, simu imewashwa.

Baba yako,
Rwegasira